Marehemu Asimame

Mume wangu alimwahidi mama yake kwamba angemwekea nafasi kwenye tamasha la bia. Aliahidi mwezi mzima, kila alipoulizwa, macho yakiwa kwenye simu. "Usijali, Mama, hilo niachie mimi." Ijumaa jioni, siku moja kabla ya tamasha lenyewe, akaja jikoni anajikuna kisogo, akasema meza zimejaa, mahema yote, hadi mwakani.

Mama mkwe alikuwa anapanga sahani kabatini. Hakugeuka.

"Mwakani," alisema. "Na magoti yangu umeshayawekea nafasi ya mwakani?"

"Mama, kusema kweli kule ni fujo tupu. Watu wanasukumana, vijana wamelewa, kelele. Kwa umri wako huu..."

"Umri wangu huu ndio nilio nao. Nikipata mwingine nitakwambia."

Mume wangu akanitupia jicho nimwokoe. Nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Mama mkwe wangu alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kando ya mashine za kufulia zinazounguruma, ndiyo maana hata akikunong'oneza siri, jirani wa pili anaipata yote. Mikono yake hadi leo ikikamua shuka, shuka linakaribia kukauka hapo hapo. Baba mkwe, aliyefariki mwaka jana, alikuwa fundi wa mabasi katika karakana ya manispaa. Kila mwaka, Jumamosi ya tamasha, alivaa shati lililopigwa pasi na mkewe, akatoka na wenzake wa karakana kabla ya saa sita, akarudi jioni anaimba, pakiti ya karanga mfukoni. "Zawadi yako hiyo," alikuwa akimwambia. Na Mama alizila karanga zile akiwa amesimama kwenye sinki, akisuuza vyombo.

Bia aliipenda. Alikuwa anakunywa Jumapili mchana, kwenye kikombe cha chai, ili mgeni akiingia ghafla asione povu. Lakini tamasha hakuwahi kulikanyaga. Siku moja nilipokuwa namsuka nilimwuliza sababu. Alisema yale ni mambo ya wanaume wa karakana, akaanza kunisimulia habari za mbu.

Jumamosi ile nilikuwa saluni kwangu, nina mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio. Mlango ukafunguka. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la buluu, lile la harusi yetu, na viatu vya chini vya kutembelea.

"Funga hapa, twende."

"Twende wapi?"

"Unajua wapi."

"Mama, hatuna nafasi. Mwanao amesema..."

"Nafasi ni nini? Ni makalio na benchi. Makalio tunayo. Mabenchi wanayo wao."

Mteja wangu alicheka mpaka kichana kikamtoka kichwani. "Dada, nisuke haraka haraka," akasema. "Huyu mama asicheleweshwe."

Nikasuka kwa kasi ambayo sijawahi kusuka, Mama akiwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, ananihesabia mistari kwa macho. Nilipomaliza nilibandika karatasi mlangoni: NIMETOKA. Nilitaka kuongeza nitarudi lini, nikaona sijui.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa maonyesho. Mahema matatu, kila moja kubwa kama ghala, na ndani yake meza ndefu na mabenchi yamepangwa mstari kwa mstari. Hata kabla hujafika unasikia matarumbeta, na harufu ya bia iliyomwagikia nyasi. Kuingia uwanjani hakukuwa na masharti. Masharti yalikuwa ndani ya mahema: asiye na pa kukaa hahudumiwi. Unaweza kuzunguka siku nzima ukiangalia wenzako wanavyofuta povu midomoni, lakini kama hujakaa, hakuna mhudumu atakayekusogelea.

Kwenye hema la kwanza mlangoni alisimama kijana mwenye shingo nene na waya sikioni.

"Mmebuku?"

"Hatujaja kusoma," Mama akamjibu. "Tumekuja kunywa."

"Namaanisha mmeweka nafasi, bibi?"

"Humo ndani mbona naona benchi tupu? Lile pale. Na lile."

"Yana wenyewe."

"Wako wapi?"

"Watakuja."

"Sisi tumeshakuja."

Kijana alinitazama mimi kama vile mtu anavyomtazama mwenye ng'ombe aliyeingia shambani. Nikamshika Mama mkono, tukaondoka. Alikuwa hajakasirika bado, bali amechangamka. Alitembea mbele yangu akipasua umati kwa bega moja, "Samahani, samahani," lakini ile samahani yake ilikuwa amri.

Hema la pili tuliingia. Msichana wa mlangoni alikuwa amechoka kubishana na watu tangu asubuhi, akatuambia tukae popote penye uwazi, wenyewe wakija tuwapishe. Tukapata meza nzima yenye kibao cha IMEHIFADHIWA. Mama akaketi, akaweka viwiko mezani, akavuta pumzi. Nilimwona akiangalia juu, taa, vitambaa vya rangi, wapiga tarumbeta kwenye jukwaa, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuhamia.

Hatukuwahi hata kuagiza. Wenyewe walikuja, kundi la watu wa ofisi moja, wote fulana za rangi moja.

"Samahani, bibi," akasema mmoja, "hapa pana watu."

"Na sisi ni watu."

Wakacheka kidogo, kwa adabu, wakaanza kukaa. Tukasogea. Wakaongezeka, tukasogea tena. Mwishowe tulikuwa ukingoni mwa benchi, kila mmoja amekalia kalio moja, tunaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mhudumu akaja akawahesabu wenye fulana, sisi akaturuka. Ndipo kijana mmoja wao, na nadhani alikuwa na nia njema, akainama akasema: "Bibi, tunaweza kuwatafutia viti vya plastiki kule nje. Karibu na vyoo pana kivuli."

Mama akasimama. Sasa alikuwa amekasirika.

"Sikutoka nyumbani kwangu kuja kulinda vyoo," alisema, na kwa ile sauti yake ya mashine za kufulia, meza tano ziligeuka.

Nje nilimwambia, "Mama, tufanye hivi. Tununue chupa zetu dukani, baridi kabisa, tukanywe nyumbani. Mimi na wewe. Tufungue na redio."

Alisimama pale katikati ya njia, watu wakitupita huku na huku.

"Nyumbani wapi? Jikoni? Kwenye kikombe cha chai?"

Akaupandisha mkoba begani.

"Wewe rudi kama umechoka, mwanangu. Sitakulaumu. Mimi leo nitakaa."

Hapo ndipo na mimi kitu fulani kilinipanda. Nikaona nimekuwa nikimfuata kama mtu aliyetumwa kumlinda asianguke, nikingoja achoke turudi, ili mume wangu awe amesema kweli. Nikamwambia, "Mimi sirudi. Twende lile la mwisho."

Hema la tatu lilikuwa la zamani kuliko yote. Mlango wa mbele ulikuwa na walinzi wawili, kwa hiyo tukazunguka nyuma, ambako wahudumu walikuwa wanatoka na kuingia na magi za kioo, tano tano kila mkono. Mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye mgongo mpana, alikuwa amesimama anapumua. Akamtazama Mama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Wawili naweza. Mngekuwa wanne ningewafukuza. Nifuateni, na msiwaangalie walinzi usoni."

Tukamfuata. Ndani joto lilikuwa la kukausha nguo. Alitupitisha kati ya meza, kila mahali akiuliza, "Jamani, wawili hapa?" na kila mahali watu wakitandaza makoti na mikoba kwenye nafasi zilizobaki. Mtu anaweza kuwa mkarimu mwaka mzima, lakini mpe benchi kwenye tamasha la bia uone. Mama hakurudi nyuma. Kila aliyetukatalia alimwambia, "Haya, kaa na koti lako, msimuliane."

Mwisho kabisa, kwenye nguzo ya hema, kulikuwa na meza ya wazee. Walikuwa wamebanana mabega, lakini katikati yao kulikuwa na pengo. Pengo safi, la mtu mzima. Mbele ya pengo lile magi ya bia imejaa hadi juu, povu limeshakwisha, na juu ya benchi imelazwa kofia ya kijivu.

"Pale siulizi," mhudumu akasema. "Pale ni pa mtu aliyekufa."

Nikaitambua kofia kabla sijazitambua sura. Halafu nikawaona: ndio wale wenzake wa karakana waliobeba jeneza la baba mkwe. Mzee mrefu, mwenyekiti wao, ambaye kila mtu alimwita Spana. Yule wa pembeni yake aliyekuwa mnene, ambaye walimwita Mnene na yamekwisha. Nilikuwa nimemshika Mama mkono, nikausikia unakakamaa ndani ya wangu.

Akauchomoa, akaenda.

"Shemeji!" Spana aliinuka, mdomo wazi. "Wewe huku?"

"Mimi huku."

"Umepotea?"

"Nimefika."

Wazee wote wakashusha magi zao. Mama akaonyesha lile pengo.

"Hapa pa nani?"

"Pa mwenzetu," Spana akasema, na sauti yake ikawa ya msibani. "Pa mumeo, Mungu amlaze pema. Tuliapa siku ya mazishi, tulipoiomba kofia yake. Kila mwaka tutamwekea nafasi yake. Ni heshima, shemeji."

"Kwa hiyo marehemu ana nafasi."

"Anayo."

"Na bia anayo."

"Ya kwanza kabisa kufika mezani ni yake."

"Anainywa?"

Mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Sogeeni nikae," Mama akasema.

"Shemeji, hapana. Hapo hakai mtu."

"Naona kwamba hakai mtu. Ndiyo maana nataka kukaa."

Spana alinyoosha mkono juu ya benchi, kama mlango. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Shemeji, tuelewane. Hii ni meza ya wanaume wa karakana tangu siku ya kwanza. Ndivyo ilivyo. Hata yeye mwenyewe angekuwepo asingependa."

Nilidhani Mama angepiga kelele. Badala yake sauti ilishuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia akizungumza chini.

"Usinifundishe asichopenda. Hakupenda vitunguu. Hakupenda soksi za sufu. Hakupenda kufia hospitali, na alifia hospitali, mkono wake ukiwa ndani ya huu hapa, nyinyi mkiwa majumbani mnasubiri simu. Toa mkono wako, Spana."

Spana akautoa.

Mama akaiokota ile kofia. Aliikung'uta, akaitundika kwenye msumari wa nguzo, taratibu, kama alivyokuwa akiitundika nyumbani. Halafu akapandisha gauni kidogo, akavusha mguu mmoja, akavusha wa pili, akakaa. Akaivuta ile magi kwake.

"Hiyo ni ya marehemu!" Spana akasema.

"Na mali ya marehemu inarithiwa na nani?"

Akanywa. Alikunywa macho yakiwa wazi, mbele ya watu, magi ya kioo, kila mtu anaona kilichomo. Alipoishusha alikunja uso.

"Ya moto hii. Mmemwekea mwenzenu bia ya moto siku nzima, halafu mnasema heshima. Dada! Mbili baridi."

"Na yeye sasa tumweke wapi?" Spana alikuwa bado amesimama. "Tuliapa, shemeji. Tumweke wapi?"

"Asimame," Mama akasema. "Miaka yote ile nilisimama mimi, namsubiri atoke humu. Leo asimame yeye."

Spana akachukua koti lake. Alisema hawezi kukaa meza moja na jambo kama hilo, akapita nyuma ya migongo ya wenzake, akapotea kwenye umati. Hakuna aliyemfuata. Mama akaligonga benchi kwa kiganja, pale alipotoka Spana.

"Mwanangu, kaa. Pamepatikana."

Nikakaa. Mhudumu akaja na magi mbili, akazitua mezani kwa kishindo, akamtazama Mama, akatikisa kichwa huku anatabasamu, akaondoka.

Mnene ndiye aliyeanza kusema, akiwa anachezea mkono wa magi yake.

"Shemeji, mimi nikwambie kitu, na usikasirike. Mwaka ule wa kwanza tulitaka tuje na wake zetu. Yeye ndiye alikataa. Alisema wewe huwezi hata kunusa bia, kelele zinakuumiza kichwa, na tukija na wake zetu wewe ukabaki nyumbani peke yako, utaumia. Basi tukasema iwe wanaume tu. Kwa ajili yako."

Mama akaitua magi yake.

"Kwa ajili yangu."

"Ndivyo alivyosema. Na kila mwaka tulimwuliza, shemeji vipi, hajabadilika? Anasema, yule? Thubutu."

"Hakuniuliza," Mama akasema. "Hata siku moja hakuniuliza."

Nikaona midomo yake inacheza. Nikadhani analia, nikamwekea mkono mgongoni, kumbe kilikuwa kicheko kinatafuta njia, halafu kikawa vyote viwili kwa pamoja. "Mwongo yule," akasema. "Mwongo mkubwa yule. Shati nampigia pasi mimi!" Akapiga meza kwa kiganja. "Angekuwepo! Angekuwepo hapa dakika moja tu nimgombeze, halafu arudi zake alikolala."

Siku ya mazishi hakutoa chozi. Watu walisema ana moyo wa chuma. Pale kwenye hema, katikati ya matarumbeta, alilia mpaka ushungi ukalowa, na wazee wale wote wakatazama magi zao. Kisha akajifuta uso, akanywa, akafuta povu kwa nyuma ya mkono.

"Wake zenu wako wapi sasa hivi?"

Wakaangaliana.

"Nyumbani," Mnene akasema.

"Pigeni simu."

"Shemeji..."

"Mliwafungia ndani kwa ajili yangu, sivyo? Basi watoeni kwa ajili yangu. Pigeni."

Mnene akapiga. Tulimsikia sote: "Halo, mama watoto. Ndiyo, niko tamashani. Hapana, sijaanguka. Hapana, sijalewa. Nakwambia uje. Kunywa. Wewe, ndiyo, wewe! Sijaumwa, mwanamke, vaa viatu uje!"

Walikuja wawili kabla jua halijashuka, mke wa Mnene na mwingine, wamejipaka poda haraka haraka na wanatuangalia kwa mashaka, wakidhani kuna habari mbaya imefichwa. Mhudumu aliwapitisha mlango ule ule wa nyuma. Tukabanana hadi tukawa tunapumua kwa zamu. Mke wa Mnene alionja, akatulia, akaonja tena, akamgeukia mumewe. "Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakuja kufanya?" Akaivuta magi yote upande wake.

Bendi ilikuwa kwenye wimbo wa polepole Spana aliporudi. Alisimama mwisho wa meza, koti mkononi, jasho limemtoka. Alikuwa amezunguka mahema yote matatu.

"Hakuna nafasi popote," alisema.

"Hujabuku?" Mama akamwuliza.

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, hata wale wa meza ya jirani waliokuwa hawajui lolote.

"Shemeji, usinichezee. Mimi ndiye mwenyekiti wa meza hii."

"Basi mwenyekiti, omba."

Spana alitazama juu kwenye nguzo, kwenye kofia ya rafiki yake. Akatutazama sisi wanawake wanne, tulivyojipanga kwenye benchi lake. Sijui ni nini kilimshinda, kiburi au miguu. Akasema chini chini, "Naomba nafasi."

"Sikusikia. Nimekaa na mashine maisha yangu yote."

"Naomba nafasi, shemeji!"

"Sogeeni," Mama akasema, na tukasogea. Akajibana pembeni yangu, kalio moja. Hatukumwomba radhi, na yeye hakutuomba. Lakini magi yake ilipofika aliigonga na ya Mama, kwanza ya Mama, ndipo ya wengine.

Tulirudi nyumbani giza likiwa linaingia, tumeshikana mikono, si kwa sababu ya bia, kwa sababu ya magoti. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi.

"Mama, nimepigiwa simu na watu watatu! Eti umekalia kiti cha baba, umekunywa bia yake, umemfukuza mzee Spana. Mnaniaibisha. Ni kweli haya?"

"Bia yake ilikuwa ya moto," Mama akasema, akijitupa kwenye kochi. "Spana alirudi mwenyewe. Mengine yote ni kweli."

"Na wewe!" akanigeukia. "Wewe ndiye ningetegemea umzuie."

"Nilikaa pembeni yake," nikamwambia. "Na mwakani nitakaa tena, utafute nafasi usitafute."

Alimtazama mama yake, gauni la buluu limepata doa kifuani, ushungi umekaa upande, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuogelea. Sijui aliona nini. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imepungua.

"Miguu inauma?"

"Inawaka moto. Kachemshe maji, utie chumvi, uniletee lile beseni kubwa."

Akaenda jikoni. Tulimsikia anafungua bomba. Nami nikaketi kando ya Mama, nikavua viatu vyangu, nikamwita kwa sauti aongeze maji, maana miguu ilikuwa minne.